Msongo wa Walio Wachache
Msongo wa walio wachache ni shinikizo la kudumu linalomwelemea mtu kwa kuwa kundi lake linadharauliwa. Mwaka 1995 Ilan Meyer, akichunguza wanaume 741 wa New York wanaovutiwa na wanaume wenzao, alionyesha kuwa ubaguzi, hofu ya kukataliwa na kujichukia viliambatana na dhiki ya akili. Wapo wanaodai chanzo ni mwelekeo wenyewe wa kimapenzi. Hoja hiyo haisimami: utafiti wa Mark Hatzenbuehler wa 2010 uliwafuatilia kwa muda watu wanaovutiwa na watu wa jinsia yao, na matatizo ya hisia yaliongezeka kwao katika majimbo ya Marekani yaliyopiga marufuku ndoa zao mwaka 2004 na 2005, si kwingineko. Ndugu na marafiki wanaomkubali mtu humpunguzia mzigo, tena sana, lakini hawafuti sheria. Kuwaachia wao peke yao kazi hiyo ni kuwaonea.