Harufu ya Mafuta Begini

Binamu yangu ni mwanasarakasi. Hucheza na moto katika hoteli za pwani ya Kenya: fimbo mbili, na minyororo miwili yenye tambi nene mwishoni. Mwaka juzi alialikwa kucheza ng'ambo. Yeye alifika, vifaa vyake havikufika. Mkaguzi wa uwanja mmoja wa ndege alifungua begi, akainusa taulo iliyofunga zile tambi, akauliza kama ni mafuta ya taa. Hakukuwa na hata tone. Harufu ilitosha.

Ndipo nikaanza kusoma historia ya kazi yake. Nilitarajia mambo ya mababu na mizimu. Kumbe kisu cha moto cha Wasamoa, ambacho watalii hudhani ni cha kale, kiliwashwa mara ya kwanza mwaka 1946, tena San Francisco. Ngoma ya kisu yenyewe ni ya zamani, ya mashujaa wa vita. Moto uliongezwa na Freddie Letuli wa Samoa ya Marekani, baada ya kumwona Mhindi mmoja akila moto na msichana akizungusha fimbo zenye taa. Aliomba mafuta kwa yule mla moto, akazungushia taulo kwenye kisu, akawasha. (Na limbo ya moto, ambayo binamu yangu huicheza kila Jumamosi kama "ngoma ya Kiafrika", asili yake ni Trinidad.)

Taulo ndiyo iliyonishika. Aliyesoma kwa kibatari anajua: utambi wenye mafuta hauungui haraka, kwa sababu kinachowaka ni mvuke wa mafuta, na mafuta yakigeuka mvuke huupoza utambi. Yakiisha, moto unaanza kula kitambaa. Pamba haina ubishi hapo. Inageuka majivu, na ukizungusha, vipande vinavyowaka vinaruka hadi kwa watazamaji.

Watu walijaribu asbesto, ambayo haiungui kabisa, ila nyuzi zake zikivutwa huharibu mapafu na kuleta saratani. Jibu lilitoka mahali pasipo na ngoma yoyote. Mwaka 1965, Stephanie Kwolek, mkemia wa kampuni ya DuPont, alikuwa akitafuta uzi mwepesi wa kuimarisha matairi. Akapata kimiminika chembamba chenye ukungu, ambacho fundi wa mashine alisita kukisokota akihofia kitaziba matundu. Kikazaa Kevlar, nyuzi za fulana za kuzuia risasi. Ndizo zilizomo katika tambi za binamu yangu.

Nazo zinachakaa. Lazima azime moto kabla mafuta hayajakauka, kwa blanketi zito lenye maji. Kabla ya kuwasha huzikung'uta zisirushe matone. Hutumia mafuta ya taa, hagusi petroli, maana mvuke wa petroli hushika moto hata kwenye baridi kali. Kosa lake la miaka mingi lilikuwa kuzianika juani juu ya paa ili harufu itoke. Jua huoza Kevlar polepole. Nilipomwambia alikasirika, kana kwamba mimi ndiye niliyeliumba jua.

Mafuta ya taa hayapandi ndege ya abiria, si mkononi wala kwenye mizigo ya chini. Hununuliwa huko uendako. Utambi uliowahi kuwashwa, hata ukikauka, unabaki na harufu, na mkaguzi hana njia ya kuona historia yake. Kwa hiyo sasa husafiri na vyuma vitupu na tambi mpya ambazo hazijaonja mafuta, anazifunga kwa skrubu akifika. Ni gharama: tambi za safari moja hula sehemu kubwa ya malipo ya onyesho la kwanza.

Zile za zamani ameniachia. Ziko barazani, kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, kwa sababu mama amekataa ziingie ndani.