Lugha ya Nyanda za Juu na Lugha ya Mwambao: Somo Kutoka Bukini kwa Kanisa la Ufipa

Utangulizi

Mtu atokaye Sumbawanga kwenda Kasanga huziacha nyanda za juu zenye baridi na kuteremka hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika. Njiani husikia Kifipa, kisha Kimambwe na Kilungu kadiri aukaribiavyo mwambao. Lakini akiingia kanisani Jumapili, aghalabu husikia Kiswahili. Jambo hili tumelizoea hata hatuulizi limetokeaje, wala ni nani aliyeachwa nyuma lilipotokea. Makala hii inakusudia kuuliza. Ili tulione jambo letu vizuri zaidi, tutaanza katika kisiwa ambacho Waswahili wa zamani walikiita Bukini, yaani Madagaska. Kwa maana huko swali hili lilijibiwa mapema, na matokeo yake yanaonekana.

Lugha iliyovuka bahari

Kimalagasi si lugha ya Kibantu. Ni ya jamii ya lugha za Kiaustronesia, zilizoenea visiwani na pwani kuanzia Taiwan, Ufilipino na Indonesia hadi visiwa vya Pasifiki. Mwaka 1951 Otto Christian Dahl, mmisionari Mlutheri kutoka Norwei aliyetumika Madagaska, alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba ndugu wa karibu wa Kimalagasi ni Kimaanyan, lugha ya kusini mwa Borneo. Mababu wa lugha hiyo walivuka Bahari ya Hindi katika milenia ya kwanza baada ya Kristo.

Hata hivyo hawakuishi peke yao. Walichanganyika na watu waliotoka pwani yetu, na mifugo ikabaki na majina ya Kibantu: ng'ombe ni omby, kondoo ni ondry. Dahl aliona pia jambo lenye kina zaidi. Maneno mengi ambayo jamaa zake wa Asia huyamaliza kwa konsonanti, Kimalagasi huyamaliza kwa irabu, kama tufanyavyo sisi. Mbingu kwa Kimalei ni langit, kwa Kimalagasi ni lanitra. Mwezi ni bulan, na kwa Kimalagasi ni volana. Yeye alieleza kwamba hizo ni alama za vinywa vya Wabantu waliojifunza lugha ya wageni. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya Bukini, tunazungumza juu ya jamaa.

Homa na Biblia

Mwaka 1818 Shirika la Misioni la London lilipeleka Wawelshi wawili, David Jones na Thomas Bevan, katika pwani ya mashariki, huko Toamasina. Homa iliwapiga vibaya. Bevan alikufa, na familia zote mbili zikafa. Jones peke yake alipona. Mwaka 1820 alipanda hadi Antananarivo, katika nyanda za juu, kwenye makao ya Mfalme Radama I. Hapo yeye na David Griffiths walitafsiri Maandiko kwa lugha ya Wamerina, watu wa nyanda hizo. Agano Jipya lilichapishwa mwaka 1830, na Biblia nzima mwaka 1835. Nayo ni miongoni mwa Biblia kamili za kwanza kuchapishwa katika lugha ya Afrika.

Mwaka huo huo Malkia Ranavalona I aliukataza Ukristo. Wamisionari wakaondoka. Mwaka 1837 Rasalama aliuawa kwa ajili ya imani yake, na wengine wengi walimfuata. Lakini waamini walizificha Biblia zao na kuzisoma kwa siri hadi malkia alipofariki mwaka 1861, na kanisa lilionekana limeongezeka badala ya kupungua. Kama Neno lingalikuwa katika lugha ya wageni, nani angalilihubiri baada ya wageni kuondoka? Walutheri wa Norwei walipofika mwaka 1866, walilikuta kanisa lililokwisha kusimama kwa miguu yake.

Walioachwa pwani

Lakini historia hii ina upande wa pili. Homa ndiyo iliyoamua kwamba Biblia iwe ya nyanda za juu. Lugha ya Wamerina ikawa lugha ya kitabu, ya shule na ya mimbari. Misemo ya Wasakalava, na ya Wavezo ambao ni wavuvi wa kusini-magharibi, ikabaki ya nyumbani na ya ngalawani. Wamisionari wa Kilutheri waliposhuka kwenda pwani ya magharibi, walishuka na kitabu cha watu wa juu.

Tena msemo ulioachwa si msemo ulioharibika. Mmerina asema dimy kwa maana ya tano; watu wa magharibi husema limy, karibu zaidi na lima ya Kimalei. Mwambao ulitunza kitu ambacho nyanda za juu zilikipoteza. Kisiwani Mayotte, katika Komoro, wapo hata leo Waislamu wasemao Kibushi, tawi la Kimalagasi, kando ya Kimaore ambacho ni jamaa ya Kiswahili. Jina Kibushi latokana na lile lile la Bukini. Biblia ya Antananarivo haikuwagusa. Lugha yao imedumu katika vinywa vya wenyewe.

Sisi Walutheri tusishangae. Biblia ya Kijerumani cha Kaskazini, lugha ya miji ya pwani, ilichapishwa Lübeck mwaka 1534 kwa uangalizi wa Johannes Bugenhagen, rafiki wa Luther. Katika karne ya 17 makanisa ya pwani hiyo yalikwisha kuiacha na kushika Kijerumani cha Biblia ya Luther. Aliyewapa watu wa kawaida Neno katika lugha yao, ndiye ambaye kitabu chake kilinyamazisha mimbarini lugha ya jirani.

Ziwa Tanganyika

Sasa turudi nyumbani. Shirika lile lile la London lilifika Ujiji mwaka 1878, na baadaye likahamia kusini mwa ziwa. Kituo cha mwambaoni kilikuwa Niamkolo, kwa Walungu. Lakini kwa sababu ya afya wamisionari walipanda pia juu, Fwambo na Kawimbe, kwa Wamambwe. Mwanzoni mwa karne ya 20 Agano Jipya lilitoka kwa Kimambwe. Mwaka 1908 Niamkolo iliachwa kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Hapa pia maradhi yaliamua, na mwambao ukapokea kitabu cha watu wa juu.

Upande wetu mambo yalikwenda kinyume. Mpaka uliowekwa na Wajerumani na Waingereza mwaka 1890 uliwagawa Wamambwe na Walungu. Kaskazini mwake, Mapadre Weupe waliopokea Karema mwaka 1885 waliieneza kazi yao hadi Ufipa; na Kiswahili, kilichokuja kwa misafara, kilitiwa nguvu na serikali na shule. Hivyo lugha ya pwani ya mbali ilipanda mlima. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 imetupa meza moja, na mjini Sumbawanga, ambako washarika hutoka makabila mengi, hiyo ni neema. Hatuna sababu ya kuinung'unikia.

Hitimisho

Lakini kila chaguo la lugha humwinua mmoja na kumshusha mwingine, na mchungaji hana budi kumjua aliyeshushwa. Bibi aliye kitandani Ufipa hatubu kwa lugha ya ripoti. Humwita Leza, jina ambalo Wamambwe nao hulitumia na Wabemba hulitamka Lesa. Mchungaji asiyelijua jina hilo amefika na mkate lakini hana kisu. Hata jina la Sumbawanga, ambalo wenyeji husema maana yake ni kutupa uchawi, ni mahubiri mafupi. Lakini huyasikia yule tu aliye na masikio ya Kifipa.

Wala dawa si kuinua Kifipa juu ya Kilungu kama Kimerina kilivyoinuliwa juu ya wavuvi. Siku ya Pentekoste Roho hakuchagua lugha moja. Basi mwanafunzi wa theolojia apelekwaje usharikani pasipo kujifunza salamu, maombolezo na methali za mahali pale? Na aziandike, kwa maana wazee wanaozijua wanaondoka. Ibada iwe ya Kiswahili. Kando ya kitanda na kando ya kaburi, Neno lishuke hadi mwambaoni.