Vyombo Vilivyoshonwa kwa Usumba



Shuleni wengi wetu tulifundishwa kwamba Vasco da Gama ndiye "aliyegundua" njia ya bahari kwenda India. Hebu tuitazame safari yenyewe. Alifika Malindi Aprili 1498, na Sultani wa Malindi akampa rubani aliyeijua njia. Waling'oa nanga tarehe 24, kusi ikianza kuvuma, na kabla ya mwezi kwisha walikuwa Calicut. Kurudi, hawakungoja kaskazi. Waliondoka Oktoba, wakahangaika baharini miezi mitatu, na mabaharia wengi wakafa kwa kiseyeye kabla ya kuiona Malindi tena Januari 1499.

Pepo hizo wazee wetu walizijua karne nyingi kabla yake. Kaskazi ililetea pwani yetu vyombo kutoka Uarabuni na India, kusi ikavirudisha. Usiku manahodha walifuata nyota, ambazo Qur'ani (6:97) inatukumbusha kuwa Mwenyezi Mungu ameziweka zituongoze katika giza la bara na bahari. Walizipima kwa kamal, kibao kidogo chenye uzi wa mafundo: uzi unaumwa kwa meno, kibao kinanyooshwa mbele ya jicho, na urefu wa nyota juu ya maji unajulikana.

Na vyombo vyenyewe? Periplus, kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, kinataja vyombo vya kushonwa huko Rhapta, bandari ya kale ya pwani hii. Mtepe wa Lamu nao ulikuwa hivyo: mbao zilishonwa kwa kamba za usumba, na tanga lake lilikuwa mkeka wa miyaa.

Kazi hiyo tunaijua. Makumbi hufukiwa pwani kwa miezi, hufukuliwa, hupondwa, kisha usumba husokotwa. Unguja na Pemba ni kazi ya wanawake mpaka leo, kama ilivyo kusuka mikeka. Majina ya baadhi ya manahodha yamehifadhiwa vitabuni. Ya wasokotaji hayakuandikwa. Lakini kamba ikikatika, mbao huachana, na ujuzi wote wa nyota hauokoi chombo.

Basi mtoto akirudi na daftari lake la historia, tumwongezee ukurasa huu. Na kama nyumbani yupo bibi anayesokota bado, tumkalishe mtoto pembeni yake, ajaribu kwa mikono yake mwenyewe.