Kuoza, Kuyeyuka au Kumomonyoka? Historia ya Polima Zinazokazwa kwa Mwanga na Istilahi Zake

Mwaka 1960, Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Prague walieleza katika jarida la Nature jeli zinazofyonza maji na kukaa mwilini bila kuudhuru. Mwaka 1976, Robert Langer na Judah Folkman walionesha kwamba polima inaweza kuachilia molekuli kubwa kama protini kidogo kidogo kwa muda mrefu.

Mikondo hii ilikutana mwaka 1993. Amarpreet Sawhney, Chandrashekhar Pathak na Jeffrey Hubbell waliunda molekuli yenye kiini cha polietilini glaikoli kinachopenda maji, vipande vifupi vya asidi ya laktiki au ya glaikoliki, na akrileti nchani. Mchanganyiko wake na kianzishi unapomulikwa, ncha hushikana na kimiminika hugeuka wavu. Dawa iliyotangulizwa humo hunaswa. Baadaye maji ya mwilini hukata vifungo vya esta. Matundu ya wavu hupanuka, dawa hutoka, na mabaki huyeyuka. Mwaka 1999, Kristi Anseth, Venkatram Shastri na Langer walitumia mwanga kukaza polianhidridi kwa ajili ya tiba ya mifupa. Hizo huliwa kuanzia juu kuelekea ndani.

Historia hii inakidai Kiswahili usahihi. Kitenzi kinachotangulia akilini ni kuoza, lakini kuoza ni kazi ya vijidudu, na kwa msemaji wa kawaida huandamana na uvundo na kidonda. Kuyeyuka nako hakutoshi: sukari huyeyuka katika chai bila molekuli zake kukatwa. Kwa polima za mwaka 1993, ambazo vifungo vyake hukatika katika wavu mzima, kuvunjika kunafaa zaidi. Kwa polianhidridi, lugha tayari ina kumomonyoka, neno ambalo mkulima wa mteremkoni analijua.

Tofauti hii si ya wanaleksikografia peke yao. Mgonjwa anayesoma katika fomu ya ridhaa kwamba kitu kitaozea mwilini mwake ana sababu ya kukataa tiba, naye hatakuwa amekosea. Fomu ndiyo itakuwa imekosea. Kwa hiyo, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya lugha ya nchi wanachama yanapaswa kusanifisha istilahi hizi pamoja na wakemia, wafamasia na wauguzi, kabla fomu hazijachapishwa.