Matairi ya geji kwenye boksi la trekta: barabara ya nyumbani isitoke na mawimbi

Leo tuongelee chuma kidogo. Najua wengi mmefungua kompyuta kutafuta matokeo ya mpira na nafasi za kazi, ila kwa wale ambao kwao gari linaishia kwenye lami na mzigo unamaliziwa kichwani, hii inawahusu.

Kwetu ni Karatu. Toka lami mpaka nyumbani ni kama mita 800 za moramu. Siyo barabara ya wilaya, kwa hiyo TARURA, ule wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza 2017, haihusiki nayo. Ni yetu sisi na majirani wachache. Masika ikikolea, pikapu ya vitunguu inagoma kuingia, bodaboda wa usiku anataka hela mara mbili, na mgonjwa anabebwa mpaka lami ndo apate usafiri. Greda la kukodi kwa mita 800 tu, nani analipa? Trekta lakini lipo. Mjomba ana Massey Ferguson la siku nyingi, na fundi wa kuchomelea akamuundia boksi bledi. Boksi lenyewe halikuwa na kasoro, ila barabara ilitoka imejaa mawimbi, unapita kama uko kwenye mtumbwi. Dawa yake ikawa matairi mawili ya nyuma, na ndiyo ninayotaka kuyaeleza. (Geji ya hapa siyo ile geji 28 ya bati, jamani. Hapa maana yake ni tairi linaloamua kisu kiingie chini kiasi gani.)

BOKSI BLEDI NI KITU GANI

Chukua sanduku la chuma, toa mfuniko, toa sakafu, toa ubao wa mbele. Zinabaki kuta mbili za pembeni na ukuta wa nyuma wenye kisu kwa chini. Ndani kuna bomba lenye meno ya kuchimbua, unayapandisha au kuyashusha kwa pini. Udongo unaokwanguliwa kwenye kilima unakusanyika ndani ya boksi, likifika penye shimo udongo unamwagika na kulijaza. Mengi yana kisu kingine kinachotazama nyuma kwa kazi ya kusukuma ukirudi rivasi. Kifaa hiki kinatumika sana Marekani, ambako watu wa nje ya miji wana njia zao binafsi za changarawe na vitrekta vidogo vya nyumbani.

Linafungwa kwenye mikono mitatu ya nyuma ya trekta: miwili ya chini inayonyanyuliwa na haidroliki, na mmoja wa juu, toplinki. Aliyeupa mfumo huu umaarufu ni Harry Ferguson, mtu wa Ireland, na ulienea sana baada ya trekta la Ford 9N kutoka mwaka 1939. Jina lake ndilo hilo mnaliona kwenye Massey Ferguson. Kabla hujamwagiza fundi pima pini zako. Trekta dogo pini za chini ni kama mm 22, la kati ni mm 28. Ukikosea hapo boksi halifungi.

KWA NINI MAWIMBI

Mikono ile ilibuniwa kwa ajili ya jembe. Kwa barabara ina tabia moja mbaya: boksi linaning'inia nyuma kabisa, na ekseli ya nyuma ya trekta inakuwa kama katikati ya bembea.

Piga hesabu. Tuseme toka tairi za mbele mpaka za nyuma ni mita 2, na toka ekseli ya nyuma mpaka kisu ni mita 1.5. Tairi za mbele zikipanda tuta la sm 10, kisu kinazama sm 7.5. Dakika hiyo hiyo umechimba shimo ambalo halikuwepo. Trekta likisogea, tairi za nyuma nazo zikapanda tuta lile lile huku za mbele zimeshashuka, kisu kinanyanyuka sm 17.5 na kuacha rundo la udongo. Tuta moja la sm 10 limezaa shimo na kilima. Dereva mzoefu anahangaika na wenzo kusahihisha, lakini mkono wa mtu unachelewa, si mchezo. Ukirudia pasi ya pili unakuza mawimbi uliyoyatengeneza mwenyewe.

Sasa mtazameni greda la barabarani. Kisu chake kiko wapi? Kiko tumboni, kati ya tairi za mbele na za nyuma. Kitu kikiwa katikati ya sehemu mbili zinazokibeba, moja ikipanda sm 10 chenyewe kinapanda sm 5 tu. Pasi ya pili, 2.5. Matuta yanakufa badala ya kuzaliana. Matairi ya geji yanafanya kazi hiyo hiyo: unaweka mguu mwingine nyuma ya boksi, kisu kinabaki katikati.

KUYATENGENEZA

Mikono miwili ya bomba zito la pembe nne inachomelewa au kufungwa kwa bolti nyuma ya boksi, ikienda nyuma kama mita 1 au zaidi. Kadiri matairi yanavyokaa mbali ndivyo barabara inavyonyooka, ila ukinyanyua boksi uzito wote unavutia nyuma na tairi za mbele zinakuwa nyepesi, usukani haushiki. Trekta dogo lisirefushwe sana, na liwekewe uzito mbele.

Tairi za toroli msiziweke, zitapasuka siku ya kwanza. Habu na spindo za gari dogo toka kwa wauza skrepa, na tairi ya inchi 13, zinatosha kabisa. Tairi nyembamba ya chuma inachora mifereji kwenye udongo uliotoka kulainishwa.

Sehemu ya kuumiza kichwa ni kupandisha na kushusha. Jeki ya kuzungusha kwa mkono ndiyo bora, unapata milimita unayotaka. Kama hela hamna, tumia bomba mbili, moja ndani ya nyingine, na pini. Fundi wengi wanatoboa matundu kila baada ya sm 5, na hiyo ni hatua kubwa mno, kisu kinaruka toka kukwangua mpaka kuchimba kaburi. Ujanja: bomba la ndani toboa kila mm 50, la nje kila mm 40. Ukijaribu tundu hili na lile unapata hatua za mm 10. Kila tairi liwe na marekebisho yake, sababu naeleza hapo chini.

Kuseti, simamisha trekta kwenye sakafu iliyonyooka, weka kisu na matairi vyote viguse chini, halafu pandisha matairi sm 1. Anza na hapo. Kisu kikikwangua kidogo mno ongeza sm nyingine. Wenzo wa mikono ushushwe mpaka chini ili mikono ielee na matairi yabebe. Trekta zenye ule mfumo wa kuhisi mzigo, unaonyanyua jembe lenyewe udongo ukiwa mgumu, uondoe kwanza. Shambani ni baraka, barabarani ni balaa.

BARABARANI SASA

Vile vijimatuta vya kama bati, usivikwangue juu juu. Shusha meno yafike chini ya bonde lake, chimbua chote, ndipo usawazishe, la sivyo vinarudi haraka sana. Mwaka 2007 Taberlet, Morris na McElwaine walichapisha utafiti wao wa gurudumu linalozungushwa juu ya mchanga, wakaonyesha vijimatuta hivyo vinatokea hata bila springi za gari, na kwamba chini ya kasi fulani havitokei kabisa. Kwa hiyo hata trekta liende polepole, mwendo wa mtu anayetembea.

Fanya kazi udongo ukiwa na unyevu, siku moja mbili baada ya mvua. Kavu ni vumbi tu, tope ni kujitafutia lawama.

Na mgongo usisahaulike. Barabara bapa inatuama maji, na maji ndiyo adui kuliko gari lolote. Mteremko wa 4% toka katikati kwenda pembeni unatosha: kwa barabara ya mita 4, katikati iwe juu ya ukingo kwa sm 8. Unainamisha boksi kwa mkono wa chini wenye kirekebishi, na tairi la geji la upande huo unalifuatisha. Ndiyo maana nikasema kila moja lijitegemee. Ukisahau, boksi linainama huku matairi yanalinyoosha, chuma kinapinda. Mifereji ya pembeni ichimbwe kwanza, trekta baadaye.

Kubwa zaidi: boksi likiwa jepesi watu wanapandisha vijana juu yake wawe uzito. HAPANA. Anayeteleza anaangukia kwenye kisu au chini ya matairi hayo hayo mapya. Funga mawe au mifuko ya mchanga. Na ukitaka kurudi nyuma nyanyua boksi lote kwanza, matairi ya geji hayapendi rivasi, yanapinda mikono yake. Beringi zipigwe grisi kila baada ya kazi, vumbi la moramu linazimaliza mapema kuliko mzigo.