Vidonda vya Kulala: Mgeuze Kila Baada ya Saa Mbili

Leo tunazungumzia vidonda vya kulala, vile vinavyowapata waliopooza, wazee na wote wasioweza kujigeuza kitandani. Wengi husema vidonda hivi ni sehemu ya ugonjwa, havizuiliki. Hata madaktari wakubwa waliwahi kuamini hivyo.

Mwaka 1859, Florence Nightingale wa Uingereza aliandika kwamba kidonda cha kitandani kwa kawaida hutokana na uuguzi mbaya, si ugonjwa. Lakini huko Paris, daktari mashuhuri Jean-Martin Charcot alifundisha kwamba huletwa na kuharibika kwa neva. Kwa fikira hiyo, muuguzi hana la kufanya.

Imani hiyo iligharimu maisha. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, askari wengi waliovunjika uti wa mgongo walikufa kwa vidonda vilivyooza na maambukizi ya mkojo.

Februari 1944, Daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1939, alianza kuwatibu majeruhi kama hao katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Aliagiza kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Waliodhaniwa ni wa kufa wakapona. Mwaka 1948, 16 kati ya majeruhi walishindana kulenga mishale wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Hapo ndipo ilipochipuka michezo ya Paralimpiki.

Kwa nini kugeuza? Mgonjwa akilalia upande mmoja, mfupa hubana nyama kwenye godoro. Damu haipiti, nyama inakufa.

Nawe nyumbani, pangeni zamu ya kumgeuza. Mnyanyueni, msimburute. Weka mto chini ya miguu ili visigino vining'inie. Kagua kitokono, nyonga na visigino kila siku. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta pahali palipozidi weusi, penye joto au pagumu. Usipasugue, hata kwa spiriti kama ilivyofanywa zamani. Shuka iwe kavu. Mpe maharagwe, mayai au omena ili mwili ujijenge.

Ngozi ikichubuka au ikitoa harufu, mpeleke kituo cha afya upesi.

Hadi wiki ijayo, mpenzi msikilizaji, mgonjwa wako asilale upande mmoja hadi asubuhi.