Kibarua, Kipande na Mkataba: Majina ya Kazi Katika Mashamba ya Chai ya Gesima

Miongoni mwa Abagusii wa Gesima, katika Kaunti ya Nyamira, kazi ya shamba zamani ilifanywa na risaga, yaani kundi la majirani walioitana kulima, na mwenye shamba akawakirimu kwa chakula na pombe. Humo hamkuwa na mwajiri wala mwajiriwa: aliyelimiwa leo alikuwa mlimaji kesho.

Majina ya kazi ya ujira yalikuja na Kiswahili. Kibarua ni barua ndogo, cheti cha mfanyakazi wa kutwa huko pwani; jina la cheti likawa jina la mtu. Kipande kilikuwa cheti ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kukichukua kuanzia mwaka 1920. Mwajiri alitia sahihi humo, na chini ya Sheria ya Mabwana na Watumishi aliyetoroka kazi alikuwa mhalifu. Wagusii walioajiriwa katika mashamba ya chai ya Kericho walivijua vyote viwili. Majina hayo yalitaja karatasi, hayakutaja haki.

Chai ilipoenea katika mashamba madogo, hasa baada ya kuundwa kwa Mamlaka ya Ustawi wa Chai (KTDA) mwaka 1964, mkulima wa Gesima naye akawa mwajiri. Mchumaji wake hulipwa kwa kilo, na huitwa kibarua hata akichuma shamba lilo hilo mwaka mzima.

Hapa ndipo jina linapodhuru. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 37, humgeuza kibarua wa kutwa aliyetimiza mwezi mmoja wa kazi kuwa mwajiriwa wa mwezi. Lakini alipwaye kwa kipimo cha kazi sheria imemweka mbali. Na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani, katika shauri la wafanyakazi wa chumvi wa pwani, ilishikilia kwamba kifungu hicho hakimhusu. Hata hivyo, mtu huyo si mkandarasi. Mkandarasi huleta watu na vyombo vyake, na hasara ni yake. Mchumaji huamriwa achume majani mawili na chipukizi, na lini.

Kiswahili, basi, kimewafunika watu watatu kwa jina moja. Kabla ya kuuliza haki ya kibarua, yafaa kuuliza ni kibarua yupi.